Fatiha Iliyohesabiwa Kura

Barua imenifikia hapa Tanga wiki iliyopita, imepigwa chapa vizuri, ina muhuri wa rangi, na imenitukana. Haikukusudia. Aliyeiandika ni binti mwenye adabu zake, katibu wa sasa wa chama cha wakunga cha Mahajanga, kule Madagaska. Anasema wanaadhimisha kuanzishwa kwa chama, wamepekua majalada ya zamani, na wamegundua kwamba katika mkutano uliomwachisha kazi Anziza palikuwa na mkunga mmoja tu ambaye hakuinua mkono. Mkunga huyo, ati, ni mimi. Wanataka nipande ndege, bikizee mwenye magoti haya, nikae mbele ya watu nivishwe shada la maua na kuitwa shujaa. Nimeisoma mara tatu, nikaiweka chini ya kopo la sukari, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Uongo mtupu! Mkono niliinua. Niliinua yote miwili.

Katika barua hiyohiyo kuna neno "marehemu", limekaa mbele ya jina la Anziza, dogo, limepitiwa haraka kana kwamba ni jambo nililokuwa nalijua. Sikuwa nalijua. Ndivyo nilivyopata msiba wangu, kwa neno moja la binti asiyenifahamu. Sasa nimekaa nayaandika, na yeyote atakayesoma aelewe jambo moja kwanza: haya ninayoyaeleza kwa Kiswahili cha Tanga hatukuyasema kwa Kiswahili. Kule kwetu Kiswahili kilikuwa kimebaki kwenye maneno ya dini, ya biashara na ya vyombo vya baharini. Kutwa tulisema Kimalagasi, mikutanoni Kifaransa, na nyumbani sisi wenye asili ya Ngazija tulisema Kingazija. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu bendera ibadilishwe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mkunga wa zahanati ya kisiwa cha Nosy Be, na mara mbili kwa wiki nilipelekwa upande wa Ambondrona kuwapima wake wa wavuvi. Watu walituita rasazi, jina la heshima la mkunga mwenye cheti, na mimi nilikuwa nalipenda jina hilo kupita kiasi. Nikiitwa rasazi sokoni nilikuwa nageuka taratibu ili aliyeniita apate kurudia. Anziza hakuwa na upuuzi huo. Tulisoma pamoja ukunga, tukalala kitanda kimoja miaka miwili, yeye ukutani na mimi upande wa nje kwa sababu alisema napiga mateke. Alikuwa bora kuliko mimi, na kuliko sote, lakini baada ya kumaliza chama kikamwajiri awe katibu wake Mahajanga, mshahara na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa mtaa wa Ampisikina, nyuma ya ofisi ya chama, katika nyumba ya bati. Mbele meza, mashine ya taipu na kabati la majalada. Nyuma kitanda, jiko la mkaa na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kulikuwa na joto humo, jamani! Aliandika amejitanda shiromani, ile nguo ya kujifunga ya Kingazija, begani tu, miguu ndani ya beseni la maji, na mashine inalia ta-ta-ta mpaka jirani anagonga ukuta. Kazi ikiondoka na chumba kinaondoka. Hana pengine pa kwenda.

Ugomvi ulianza na kitovu. Mwaka ule chama kilipitisha azimio kwamba mwanachama yeyote atakayeonekana akizalisha pamoja na reninjaza, yaani wakunga wa jadi wa vijijini, atafutwa uanachama, na aliyefutwa hana ruhusa ya kuzalisha popote. Wakati huo Anziza kila Alhamisi alikuwa anakwenda Boanamary, kule mlangoni mwa mto Betsiboka, kukaa na reninjaza na kuwaonyesha namna ya kuchemsha wembe na uzi wa kufungia kitovu. Watoto walikuwa wakifa huko kwa pepopunda. Mtoto ananyonya vizuri siku tano, siku ya saba taya limekaza, basi. Anziza alipolisikia azimio hakupiga kelele. Alikuwa ndiye anayepiga chapa karatasi ya chama ya kila mwezi, ile iliyotumwa kwa wanachama wote pwani nzima, na mwezi ule, chini ya azimio lenyewe alilolipiga chapa bila kuruka hata nukta, akatia maneno yake na jina lake. Aliandika kwamba halikubali, na akaeleza kwa nini, na mstari mmoja sijausahau: "Kitovu hakimuulizi mtu cheti, kinauliza wembe umechemshwa au la." Niliisoma karatasi hiyo zahanatini, nikacheka peke yangu, halafu nikaogopa.

Mwenyekiti wetu alikuwa Madamu Rahamatu. Huyu ndiye aliyetufundisha, mimi na Anziza na nusu ya wakunga wa pwani ile. Ndiye aliyenipiga vidole kwa mkasi siku niliposahau kunawa, na ndiye aliyenishika bega siku mama wa kwanza aliponifia mikononi, akakaa nami sakafuni na koti lake jeupe la wanga bila kujali. Nilimpenda. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu bila hilo kisa hiki ni cha mikutano tu, na mimi mikutano sina hamu nayo. Zamani za Mfaransa, Madamu alizalisha hospitalini miaka na miaka na kila daktari alimwita "msichana", hata mvi zilipoanza. Chama kile alikiunda yeye ili mkunga mweusi aitwe Madamu na alipwe kama mtu. Sasa serikali mpya ilikuwa inasajili vyama, mjumbe angekuja kututazama kama kweli sisi ni watu wa taaluma, na huku katibu wake mwenyewe, kwa karatasi ya chama, kwa wino wa chama, anawaita vikongwe wa kijijini wenzetu. Alitangaza mkutano. Ajenda ya tano ilikuwa: kuachishwa kazi katibu.

Nilipanda boti kwenda Mahajanga na Perline, mkunga mwenzangu wa Nosy Be, Msakalava mwenyeji wa pwani ile, Mkristo wa Jumapili zote, mcheshi, mwenye mdomo usiofunga. Siku moja kabla ya mkutano tulikuwa wanane chumbani kwa Anziza, tumebanana kitandani na sakafuni, anatulisha wali na samaki wa nazi na achari ya maembe, tukateremshia kwa yale maji ya ukoko wa wali ambayo Wamalagasi hawawezi kumaliza chakula bila kuyanywa. Tuliapa. Nilipewa mimi kazi ya kusimama kwanza kusoma pingamizi, na wengine saba wangesimama mmoja baada ya mmoja kusema, "Na mimi." Perline ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. "Wakimfukuza Anziza wanifukuze na mimi, nikauze ndizi!" Tukacheka. Nilipotoka uani kumwaga maji niliwakuta wawili wanasuuza sahani, migongo yao kwangu, mmoja anasema, "Lakini na yeye kazidi. Angeyasema mdomoni. Kwa nini aandike?" Mwenzake akajibu, "Wali wake mtamu lakini." Nilijitia sikusikia. Leo ningemwaga yale maji vichwani mwao, ila wakati ule nilidhani mtu akila chakula chako na kukuapia, hayo mengine ni maneno ya uani tu.

Mkutano ulikuwa Jumamosi baada ya alasiri, katika darasa la watoto wadogo, hivyo rasazi wazima tulikaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Anziza hakuruhusiwa kuingia, alibaki Ampisikina. Mbele palikuwa na Madamu, na kando yake yule mjumbe aliyetoka mji mkuu kutusajili, kijana wa nyanda za juu, mpole, suti yake nzito mno kwa Mahajanga, jasho linamtiririka mpaka daftarini. Madamu aliisoma ajenda ya tano kwa Kifaransa. Hakumtukana Anziza, hata kidogo. Alisema katibu ameajiriwa kuandika sauti ya chama, na ameandika sauti yake. Nilikuwa nimeshika karatasi yangu, nimeshausogeza mguu nje ya dawati. Madamu akasema kwa Kifaransa, "Basi tuamue. Wanaokubali kwamba katibu aachishwe kazi..." Aliangalia dawati moja la nyuma. Uso ukambadilika, na alipofungua mdomo tena akasema kwa Kingazija, taratibu, "Wanangu, astaghfirullahi, tumekaa tunasemana na hatukumkumbuka Mariamu wetu. Amezikwa Jumatano. Al-Fatiha."

Sasa nieleweni. Mariamu alikuwa mwenzetu, aliugua mwezi mzima, na ni kweli tulikuwa tumemsahau. Mkubwa akisema "Al-Fatiha", mikono yako inajua njia. Tukaifungua mbele ya vifua, sote, na Wakristo nao, maana pwani ile hatubaguani katika kuomboleza. Perline viganja vyake vilikuwa juu kuliko vya mtu yeyote. Nikasoma kwa dhati, nikamwombea Mariamu, na katikati ya kusoma nikamwona mjumbe. Alikuwa ananyoosha penseli, anatupitia dawati kwa dawati, midomo inatikisika. Nikasema moyoni, maskini, anahesabu watu wa kupewa chai. Kijana hakujua Kingazija. Alichosikia ni "wanaokubali", kisha manung'uniko ya lugha nyingine, kisha mikono, kisha watu wazima wote wanasema "amin", na kwake yeye amin ni ndiyo. Madamu alijipangusa uso. Alimtazama mjumbe, akalitazama daftari, akanyamaza muda, mrefu kuliko ulivyohitajika. Halafu akasema, "Tumemaliza," na madawati yakaanza kukwaruza sakafu.

Na mimi, mjinga wa wajinga, nilifurahi! Kwetu ugomvi ukisomewa Fatiha na mkubwa umezikwa, haufukuliwi. Nilidhani Madamu ametafuta mlango wa heshima wa kumsamehe Anziza bila kushindwa mbele ya mjumbe, nikamwona ana hekima ya ajabu, nikataka kumbusu mkono. Wale saba walinizunguka uani, wameshusha pumzi kama watu waliotua mizigo. "Imekwisha," wakaambiana, "alhamdulillahi, imekwisha." Nilichukua pusipusi, kile kigari cha kuvutwa na mtu, nikamhimiza mvutaji mpaka akanigombeza, nikasimama njiani kununua mokari za moto, vitumbua vyetu vya mchele na nazi, nikaingia kwa Anziza napiga vigelegele.

"Hawakupiga kura," nikamwambia. "Imesomwa Fatiha. Umepona!"

"Fatiha ya nini?"

"Ya Mariamu. Lakini we, si unajua maana yake? Madamu ameifunga."

"Madamu kasema ameifunga?"

"Kasema tumemaliza. Unataka nini tena, akuandikie talasimu? Kula!"

Alichukua mokari moja, akaigeuza mkononi. Halafu akacheka, akatoa miguu kwenye beseni, tukala mokari mpaka tukabaki na mafuta vidoleni, na aliniambia kwamba wiki nzima alikuwa amefunga nguo zake kwenye kanga chini ya kitanda, tayari. Alizifungua mbele yangu akazitundika tena msumarini, moja moja. Katika yote, hilo ndilo linalonikereketa. Mimi ndiye niliyemfungulia zile nguo.

Nilirudi Nosy Be. Ulikuwa msimu wa kuchuma milangilangi, kisiwa kizima kinanukia kama harusi, na nilikuwa nafanya kazi huku naimba. Baada ya wiki mbili ikaja bahasha ya chama yenye kumbukumbu za mkutano. Ajenda ya tano: katibu ameachishwa kazi kwa kauli moja ya wanachama waliohudhuria, kwa kuinua mikono, majina kama yafuatavyo. Nilijitafuta, nikajikuta nambari kumi na nne. Nilikaa chini pale pale, juu ya sanduku la dawa. Katika bahasha ya pili, iliyokuja kwa boti hiyohiyo, palikuwa na kipande cha karatasi, hakina salamu wala jina, lakini mashine ile niliijua kwa herufi yake moja iliyokuwa inaruka juu ya mstari. Kiliandikwa: "Nambari kumi na nne, asante kwa mokari."

Wallahi nimewahi kutukanwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa, na hao wanajua kutukana, lakini sijawahi kusikia tusi kama lile. Aliamini niliinua mkono afukuzwe, nikatoka hapo nikaenda kula kitandani kwake. Kwa nini asiamini? Jina langu lilikuwa pale. Usiku huo sikulala, na asubuhi nikaandika pingamizi, kwa Kifaransa changu bora: kwamba hatukupiga kura, kwamba sisi sote tuliohudhuria tulikuwa tunamwombea marehemu, kwamba uamuzi haupo na katibu arudishwe kazini. Nikamfuata Perline, aliyekuwa anakunja vitambaa vya kufungia vidonda, nikampa kalamu.

Aliisoma yote, akaendelea kukunja. "Necha, dada yangu," akasema, "mimi ni mtu wa kanisa. Nikasimame mimi niseme kwamba Madamu ameichezea Fatiha yenu? Watanipiga mawe. Hilo semeni nyinyi wenyewe."

"Sikuambii useme ameichezea. Sema tu ulikuwa unafanya nini na mikono yako."

"Nilikuwa nafanya mlivyofanya."

"Tulivyofanya nini?"

"Aa, sijui. Mimi nilifuata." Na hakunitazama tena.

Niliomba ruhusa, nikapanda boti hadi Mahajanga, nikawazungukia wale Waislamu sita nyumba kwa nyumba, na huko nikapewa wimbo ule ule kwa upande wa pili. Mtu wa kanisa hawezi kuisemea Fatiha ya wenyewe, na wenyewe hawawezi kumsema bi mkubwa. "Unataka niseme Madamu kamfukuza mtu kwa Fatiha? Yule ndiye aliyenizalisha mimi!" akang'aka wa kwanza. Mwingine aliniambia, na machozi yanamtoka, kwamba akisema ile ilikuwa dua basi amemwita mwongo mwanamke aliyekwenda Makka, na akisema ilikuwa kura basi amemwombea Mariamu kwa mkono wa fitina, kwa hiyo bora anyamaze, Mungu anajua. Wa tatu alinipa chai. Wote walinipa chai! Nimekunywa chai siku ile mpaka tumbo likawa linasukasuka, na saini sikupata hata moja. Mnajua, ningeweza kuwasamehe woga. Woga nilikuwa nao mimi pia. Kilichonikata maini ni kwamba kila mmoja aliniaga kwa mkono laini na sauti ya msiba, kana kwamba ni mimi niliyefanya jambo la aibu na wao wananistahi.

Nikabaki na Madamu mwenyewe. Alinipokea sebuleni kwake, viti vimevikwa vitambaa vya kutarizi, akakaa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linateremka zima bila kukatika. Nilimwekea pingamizi langu mezani. Alilisoma, na kwanza akanisahihishia kosa moja la tahajia.

"Madamu, ulipanga?" nikamuuliza.

"Kaa."

"Nakuuliza, ulipanga?"

"Sikupanga," akasema. "Niliona dawati alilozoea kukaa Mariamu liko tupu. Nilimkumbuka, basi. Nilipomaliza dua nikamwona yule kijana anapiga mstari daftarini, na nikajua ameandika nini. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Alitenga vipande vya chungwa kwenye sahani. "Kwa sababu nilikuwa nimeshachoka, Necha. Na kwa sababu nilijua nyinyi wanane mngesimama. Uani kwa Anziza watu wanasema kwa sauti. Mngesimama mbele ya mjumbe, chama kingevunjika siku ya kusajiliwa, na kesho yake daktari fulani angeniita msichana tena. Nikasema, kama Mungu amelileta hivi, mimi ni nani nilikatae?"

"Mungu! Umemsingizia Mungu?"

"Shusha sauti. Uko nyumbani kwangu."

Nikaishusha. Ndiyo, niliishusha, kwa mazoea ya mwanafunzi. Akanisogezea sahani ya chungwa na kusema kwa upole ule ule aliokuwa nao siku aliyokaa nami sakafuni, na huo upole ndio nisiomsamehe hadi leo: "Barua yako siwezi kuipokea hivi. Unasema sisi sote. Nani kakutuma uwasemee? Umewauliza, wamekataa, nimeshasikia. Mtu hujisemea nafsi yake. Andika kwamba wewe ulikuwa unaomba dua, na mimi nitasahihisha kumbukumbu, jina lako litoke. Lile la wengine, waje wenyewe." Akanipa kalamu yake. Nilimwambia silitaki jina langu, namtaka Anziza. Akasema, "Anza na lako. Mlango ukifunguliwa na mmoja, wengine watapita." Akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba barua ya uongo juu ya wanachama wenzako ni sababu ya kufutwa uanachama, na kule Nosy Be wapo wasichana wengi wanaoingoja nafasi yangu.

Nikaandika upya. Kwa Kifaransa lilikuwa neno moja tu la kubadilisha. Kwa Kiswahili hata si neno, ni silabi. Tulikuwa tunaomba ikawa nilikuwa naomba. Nilijiambia ni hatua ya kwanza, kwamba jina moja likitoka kauli moja imevunjika, na iliyovunjika haiwezi kusimama. Nilikuwa najipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kumbukumbu zilisahihishwa siku ile ile, Madamu hakuchelewesha: katibu ameachishwa kazi kwa kuinua mikono, wote wakikubali isipokuwa mmoja. Kura hazikufutwa, uamuzi haukuguswa, ila sasa ulikuwa na nguvu zaidi, maana umeonyesha kwamba aliyetaka kukataa alikuwa huru kukataa, na amekataa, na mengine yameendelea. Hiyo ndiyo karatasi aliyoipata yule binti kabatini. Hiyo ndiyo wanayotaka kuivisha shada. Nitamjibu, sina budi, na nitamwambia walitafutie shada lao shingo nyingine.

Ampisikina nilikuta chumba kimefungwa kufuli na mashine ya taipu imeshapata mtu. Jirani yule wa kugonga ukuta akaniambia Anziza amehamia Boanamary kwa reninjaza. Nikaenda kesho yake asubuhi, na karatasi iliyosahihishwa nimeikunja ndani ya kitabu isije ikajikunja pembe. Maji ya mto yalikuwa mekundu, tope tupu la bara, na jua lilishakuwa kali nilipofika. Anziza alikuwa uani kwa mwanamke mzee, anakoleza moto chini ya sufuria ya nyembe. Alikuwa amekonda. Hakuniambia karibu, ila alinisogezea kigoda kwa mguu.

Nilimweleza yote, mbio mbio: penseli, amin, Perline, chai, chungwa. Nikamwambia sikuinua mkono dhidi yake, Mungu shahidi. Alisikiliza, na nikaona uso wake unaanza kulegea, naapa niliona, kama ule uso wa mokari. "Nilijua," akasema polepole. "Nilijua haiwezekani. Nilikwambia maneno mabaya." Akanyoosha mkono apewe karatasi. Nikampa, na furaha yangu yote. Aliisoma kwa ule usomaji wake wa katibu, asiyeruka nukta. Aliisoma tena. Halafu akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akanirudishia.

"Barua yako ya kwanza ilisema nini?" akauliza.

"Ilisema sote tulikuwa tunaomba. Kwamba urudishwe."

"Na hii ya pili?"

Nikairudisha karatasi ndani ya kitabu.

"Ulikwenda kunitetea mimi," akasema, "ukarudi umejitetea wewe." Hakusema kwa hasira. Laiti angenipiga.

Nilikuwa natafuta maneno wakati mwanamke mzee alipoita kutoka ndani. Mama aliyekuwa humo alikuwa mchanga, uzazi wa kwanza, na kwa kilio chake nilitambua, kama ambavyo yeyote aliyefundishwa na Madamu angetambua, kwamba mtoto amekuja vibaya na kwamba mikono ya watu wawili haitatosha. Anziza alichota nyembe kwa koleo, akazitia bakulini, akafunika. Nikasimama. Nikakunja mikono ya gauni mpaka viwikoni.

"Nakuja," nikasema.

"Wewe bado mwanachama, Necha," akaniambia, tayari ananigeuzia mgongo. "Ukionekana na sisi humu watakufuta."

Akaingia. Hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la kitambaa tu, linapepea, naona miguu yao. Nilisimama pale uani kwenye jua nikamsikiliza yule msichana mpaka alipomaliza kulia, na sikuingia.